Kumgeuza Mama Mkwe

Kazi ya kuangalia wazee ni kazi ya kugeuza. Watu wanadhani ni sindano na vidonge, lakini vidonge tulikuwa navyo vichache na sindano tulizichemsha mpaka zikawa butu. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili: ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto, halafu unaanza upya. Usipomgeuza, ngozi inakufa pale mfupa unapogandamiza godoro. Kwanza panakuwa na baka gumu lenye joto, kisha lengelenge, kisha shimo. Shimo likifika kwenye mfupa, umechelewa. Nilifundishwa hayo mwaka wa kwanza wa shule ya uuguzi na mtihani wake nilifaulu vizuri sana. Nayasema mapema ili mtu asinitafutie kisingizio cha kutojua.

Nyumba yetu ya wazee ilikuwa ya masista, kwenye mteremko unaoangalia ziwa, hapa Bukavu. Kabla ya vita tulikuwa wauguzi sita. Vita ya kwanza ilipopita tulibaki wanne, na ya pili ilipoanza tukabaki wawili: mimi, na mwenzangu mmoja mwanamke, wa kabila la Bashi kama mimi, mwenye mikono mikubwa na mdomo mkali. Wazee walikuwa thelathini na wanne. Kumi na tisa kati yao hawakuweza hata kuinua mguu. Piga hesabu mwenyewe: ukimaliza kumgeuza wa kumi na tisa, wa kwanza ameshapitisha saa yake na anakusubiri. Katikati ya hapo kuna wa kulishwa, wa kubadilishwa mashuka, wa kufungwa vidonda, na yule anayetaka kwenda nyumbani kwao Walungu sasa hivi, kwa miguu asiyokuwa nayo.

Chumba cha wanaume kilikuwa changu, cha wanawake kilikuwa cha mwenzangu. Upande wangu kulikuwa na mzee aliyewahi kuwa karani wa Wabelgiji, mtu wa maneno. Kila nilipomshika mabega aliniita muuguzi kwa Kifaransa na kusema, "Infirmier, unatugeuza sawa mikate mu furu. Uangalie tusiungue." Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya mia mbili nilitamani kumwacha aungue.

Miguuni pa kila kitanda palining'inia karatasi tuliyoiita fishi. Ilikuwa na visanduku, kimoja kwa kila saa mbili, na ndani yake uliandika upande uliomlaza mzee pamoja na sahihi yako. Sista mkuu, sisi tulimwita masera, alikuwa mama wa miaka zaidi ya sitini, kiuno kibovu, moyo mwema, na alizipitia fishi zote kila Ijumaa. Hakuweza kumwinua mtu, basi aliangalia karatasi. "Papa," aliniambia, "nafasi wazi ku fishi, ile njo mutu mwenye tumesahau." Njo, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, ni ndiyo. Mwaka ule alikuwa akizurura mji mzima kuomba sabuni, kuomba unga, kuomba askari warudishe magodoro sita waliyoyabeba wakasema ni ya kijeshi. Karatasi zilikuwa kitu pekee kilichobaki katika utaratibu, na tulimwonea huruma. Kwa huruma hiyo, na kwa kuogopa sura yake ya Ijumaa, sote wawili tulishajaza kisanduku kimoja au viwili ambavyo havikuwa vya kweli. Kama tulichelewa nusu saa, tuliandika saa ile ile. Ilianza hivyo, kidogo kidogo.

Mama mkwe wangu aliletwa mvua za kwanza zilipoanza. Kijiji chao kilikuwa juu ya Bunyakiri, na kilichomwa. Alikuwa ameshapooza upande mmoja tangu mwaka uliotangulia, hivyo watoto wa jirani walimbeba kwa kiti mpaka barabarani, na akaingia Bukavu juu ya lori, katikati ya magunia ya makaa. Lilikuwa kati ya malori ya mwisho. Baada ya hapo barabara ile ilifungwa, na asali yote tuliyokuwa tukiitumia kufungia vidonda, iliyotoka huko huko msituni, ikafungwa nayo.

Nyumbani Kadutu tulikuwa na vyumba viwili na mke wangu alikuwa amelazwa. Mimba mbili zilishatoka, na hii ya tatu daktari alimwambia alale chini mpaka siku ya kuzaa, asiinue hata sufuria. Dada yangu alimpikia. Kwa hiyo nilikuwa na mke asiyeruhusiwa kusimama na mama mkwe asiyeweza kusimama, na mimi ndiye niliyesomea kazi hiyo. Mke wangu alisema, "Sasa juu ya nini tunahangaika? Weye njo infirmier. Nani atamuangalia maman muzuri kupita weye?" Alisema kwa furaha kabisa. Tumaini lake lilikuwa moja, na aliliweka mikononi mwangu: mama yake aishi mpaka mtoto azaliwe, ampokee mikononi. Watoto wawili tulishawazika bila bibi yao kuwaona. Nilimwomba masera kitanda, akanipa.

Hapo inabidi nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu haelezwi. Kwetu mukwe na mama mkwe hawagusani. Humpi mkono. Hukai kwenye kitanda chake wala kwenye kiti alichoinuka sasa hivi. Hali mbele yako, nawe huli mbele yake. Akija njiani unampisha na kuangalia migomba. Kuuona mwili wake ni kosa zito, nyumba nzima inaweza kuugua kwa ajili yake, na hata asiyeamini hayo bado anaona haya mpaka masikio yanawaka. Katika miaka minane ya ndoa nilikuwa nimemtazama yule mama usoni labda mara tano. Akija kututembelea alipitia jikoni. Mke wangu alizoea kunitania kwamba nampenda mama yake kama watu wanavyopenda mvua ya mawe, kwa mbali. Lakini nilimpenda kweli. Harusi yetu ilipotaka kuvunjika kwa sababu ya ng'ombe mmoja aliyekosekana, ni yeye aliyewaambia ndugu zake kwamba ng'ombe hatamzalia binti yake watoto.

Mwenzangu alielewa bila kuelezwa. Alimweka kitanda cha ukutani, mwisho wa chumba, akatundika kitenge kikawa pazia, akaniambia, "Weye ubaki kule na bazee yako. Huyu iko wangu." Na alimwangalia vizuri. Kila asubuhi nilisimama upande wa pili wa pazia na kusalimia. "Maman, mulilala?" "Tulilala, mukwe. Na mutoto wangu?" "Iko muzuri. Tumbo inakua." "Mungu iko." Basi. Jioni nilipeleka salamu Kadutu na mke wangu aliuliza swali moja tu, maana nilikuwa nimemfundisha mwenyewe jinsi kazi yetu inavyokwenda: "Maman wanamugeuza?" "Wanamgeuza." Ilikuwa kweli wiki tano.

Kisha baba wa mwenzangu akafa huko Kamanyola. Alimwomba masera siku tatu. Aliondoka asubuhi na kikapu chake kichwani, akanipa ufunguo wa kabati na kusema mama mkwe wangu ana ngozi nyepesi kama karatasi ya sigara, nisimsahau. Siku ya pili yake walipigana kwenye tambarare ya Ruzizi na barabara ikakatika. Siku tatu zikawa wiki, wiki ikawa mwezi, na sisi hatukujua kama yuko hai.

Nilibaki peke yangu na watu thelathini na wanne. Nilikuwa nikifika alfajiri na kutoka giza likiingia, maana kutembea baada ya hapo kulikuwa kujitafutia risasi; wakati mwingine nilibaki palepale na kulala juu ya meza ya kukunjia nguo. Usiku masera, kwa kiuno chake kile, na mlinzi waligeuza waliowaweza. Niliwagawa wazee kwa hesabu ya kikatili: wenye vidonda tayari, kila saa mbili, wenye nyama kidogo, kila saa nne, wanene, Mungu awasaidie. Wanawake wote kumi wa chumba kile wasiojiweza niliwageuza kwa mikono yangu. Niliwaosha, niliwapaka mafuta, nilisikia matusi yao na sala zao.

Wote kasoro mmoja.

Kwa yule wa ukutani nilimwomba mama anayetufulia mashuka. Alikuja asubuhi na kabla ya kwenda kwake, hivyo mama mkwe aligeuzwa mara mbili kwa siku, na siku ambazo kulikuwa na mlio wa risasi kwenye mtaa wa mama huyo, hata hiyo mara ya pili haikuwepo. Masera niliwahi kumgusia. Aliniangalia juu ya miwani. "Papa, mbele ya Mungu, infirmier hana mukwe." Nikatikisa kichwa kukubali, nikaondoka, na sikufanya lolote. Ni rahisi kwa mtu asiyekuwa na mkwe kusema hivyo, nilijiambia, nikakasirika naye siku nzima ili nisijikasirikie mimi.

Kila saa mbili nilisimama nje ya kile kitenge na kuuliza.

"Maman, wamemugeuza?"

"Wamenigeuza, mukwe."

"Upande gani?"

"Ya kushoto."

Na mimi niliinama, nikashika fishi iliyoning'inia chini ya pazia, nikaandika kushoto, nikaweka sahihi. Ijumaa masera alipita akasema fishi ya mama yetu ni safi kuliko zote.

Nataka kuisema siku ya tisa tangu mwenzangu aondoke, waziwazi, kwa sababu ndiyo inayoniamsha. Ilikuwa mchana, jua limetoka kidogo baada ya mvua. Niliuliza kama kawaida, kisha nikaongeza, "Nani amemugeuza?" Akajibu, "Maman wa kufua. Anatoka sasa hii." Dirisha la chumba cha wanawake linaangalia uwanja wa kuanikia nguo. Nikiwa nimesimama pale pale nilimwona mama wa kufua kwenye kamba, vibanio mdomoni, mahali alipokuwa tangu asubuhi, na beseni mbili bado zimejaa. Hakuwa ameingia ndani. Nilijua. Sikuhisi, sikushuku, nilijua. Yule mama alikuwa anadanganya ili mimi nisilazimike kuinua pazia, na mimi nilimwachia adanganye ili nisilazimike. Tulikuwa tunaheshimiana. Niliandika kulia na kwenda kumlisha karani.

Nilikuwa nimechoka, ndiyo. Nilichoka mpaka nikasahau jina la mtaa ninaoishi nilipoulizwa na askari kwenye kizuizi. Uchovu unaeleza mengi ya siku zile: kwa nini nilimpigia kelele mzee aliyemwaga uji, kwa nini nilimfunga bandeji mguu usiokuwa na kidonda. Hauelezi hili. Wanawake tisa niliwageuza na uchovu huo huo. Wa kumi nilimwacha kwa aibu, na aibu haichoki.

Jioni Kadutu mke wangu aliuliza. "Wanamugeuza," nilisema. Aliweka mkono wangu tumboni, mtoto akapiga teke, nami nilisikia furaha. Naona vibaya kuikumbuka.

Siku ya kumi na saba, asubuhi, nilikuwa nikimwosha mama mmoja kipofu aliyelala kitanda cha pili kutoka ukutani. Alikuwa mama wa Kirega kutoka Mwenga, mpole, hana kawaida ya kulalamika. Alinishika kifundo cha mkono.

"Infirmier, hapa kunanuka."

"Nitabadilisha shuka, maman."

"Haiko shuka. Miye niliuzishaka nyama mu soko. Ile iko nyama yenye imeoza." Akageuza uso kuelekea pazia. "Ule maman pale, hakuna mutu anamugeuzaka. Miye sina macho, lakini masikio niko nayo. Weye unauliza, yeye anaitika, kisha unaenda."

Mikono yangu ilikuwa na povu. Nilibaki nimeishika hewani, na wanawake wote wa chumba kile, wale walioweza kuangalia, waliniangalia. Walikuwa wamejua muda wote. Nadhani walinyamaza kwa sababu nao walikuwa mama wakwe wa mtu.

Nilitoka kumtafuta mama wa kufua. Hakuwa amekuja, tangu alfajiri kulikuwa na milio upande wa Kadutu. Masera alikuwa ameenda kwa kamanda mmoja huko Muhumba kuomba mafuta ya jenereta. Mlinzi alikuwa mwanaume kama mimi. Nilirudi nikasimama mbele ya kitenge, na mvua ikaanza tena juu ya mabati, ikabidi niseme kwa sauti kubwa jambo nililotaka kulisema kwa kunong'ona.

"Maman, nitaingia."

"Usiingie, mukwe."

"Haiko mukwe anaingia. Iko infirmier."

"Infirmier iko mukwe wangu."

"Maman, tafazali."

"Nitakufa tu. Uniache nikufe na haya yangu."

"Na mutoto wa mu tumbo? Muke wangu nitamuambia nini?"

Kisha nikasikia kitambaa kinavutwa. Alikuwa anatumia mkono wake mmoja mzima kujifunika uso kwa kitenge chake, na alichukua muda mrefu. Alipomaliza alisema, "Ingia basi."

Niliingia. Nikamgeuza. Alikuwa mwepesi kiasi cha kunitisha. Shuka ilikuwa imeganda kwenye nyonga na nililazimika kuilowesha kwa maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo, ili isitoke na ngozi. Chini yake palikuwa na shimo ambalo kiganja changu kilienea ndani, kingo zake nyeusi, na katikati, peupe, mfupa. Nilikuwa nimeona vidonda vingi. Hiki nilikitengeneza mimi, kwa kalamu.

Nilikata nyama iliyokufa. Hakupiga kelele, aliuma kitenge. Niliosha kwa maji ya chumvi, asali haikuwepo, nikajaza shimo kwa sukari iliyobaki jikoni kwa masista na kufunga kwa vipande vya shuka vilivyochemshwa. Nilikuwa nalia wakati wote. Nilijitahidi kutovuta kamasi asisikie, na bila shaka alisikia.

Nilipomfunika, sauti ilitoka chini ya kitambaa. "Umeniona?"

"Niliona kidonda tu, maman."

"Sawa," alisema. Alijua nadanganya. Tulishazoeana kwa hilo.

Siku kumi na moja nilimhudumia. Nilimgeuza kila saa mbili, saa kwa saa, na usiku nilibaki na kumgeuza usiku, na wengine wakakosa zamu zao ili yeye apate. Hilo nalo ni deni kwa watu wengine, siwezi kulifuta. Kila nilipoinua pazia alikuwa ameshajifunika uso. Hakuniita tena mukwe. Hakuniita kitu chochote. Siku ya nne homa ilipanda na nilijua kwamba sumu imeingia kwenye damu. Masera aliuza saa yake ya mkononi kwa ajili ya vidonge vya antibiotiki, akapata vya siku tatu. Havikutosha, wala visingetosha.

Swali lilikuwa moja, kila asubuhi, kutoka chini ya kitambaa. "Mutoto amezaliwa?"

"Bado, maman."

"Mm."

Niliwahi kufikiria kumdanganya. Niseme ndiyo, amezaliwa, mvulana, mzima, ana macho yako. Uongo ule ungekuwa wa kwanza wenye faida. Lakini tulikuwa tumetumia uongo wetu wote kwenye mambo ya ovyo na sikuthubutu kuongeza mwingine. Alhamisi asubuhi aliuliza, nikasema bado, na mchana akakata roho wakati nikimgeuza kutoka kushoto kwenda mgongo. Kitenge kilimtoka usoni. Ndipo nilipomtazama vizuri, kwa mara ya kwanza, na kuona kwamba mke wangu amechukua nyusi zake. Binti yetu alizaliwa siku tisa baadaye, na sasa ana watoto wake.

Nilitembea mpaka Kadutu na kumwambia mke wangu. Kwanza kifo, kisha yote mengine, siku ile ile, kabla watu hawajajaa nyumbani: pazia, mama wa kufua kwenye kamba, sahihi zangu. Alikuwa amelala kwa ubavu, mto katikati ya magoti kama daktari alivyosema. Nilitegemea kelele. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unasikia sauti yake kila siku?" Nikasema ndiyo. "Na mikono ulikuwa nayo." Nikasema ndiyo.

Siku ya pili ya matanga alikuja mdogo wa marehemu, mjomba wa mke wangu, mwalimu mstaafu, mtu wa haki na sauti ya chini. Alikaa sebuleni pamoja na wazee watatu wa ukoo. Mlango wa chumba cha mke wangu uliachwa wazi ili naye asikie. Waliniita nikae kwenye kigoda mbele yao.

"Mukwe," mjomba alisema, "tunasikia weye njo ulikuwa unafunga kidonda ya dada yangu. Tunajua iko vita. Tunajua mutu mwingine hakukuwa. Hatukukasirikii. Lakini ulimuona, na ulimugusa, na desturi iko desturi. Utatoa mbuzi moja, tutasafisha ile maneno, itaisha."

Nilisema ndiyo, nitatoa. Nilisema haraka mno. Ukweli ni kwamba nilisikia nafuu. Nilitamani wangesema mbuzi kumi.

"Mujomba," mke wangu alisema kutoka chumbani. Sauti yake ilikuwa kavu. "Umuulize alikaa siku ngapi bila kumugusa."

Mjomba aligeuka kuangalia mlango, kisha akanitazama mimi. "Siku ngapi?"

"Kumi na saba."

"Dada yangu alikuwa mu hospice ya bazee, na weye ulikuwa pale pale, na hukumugusa siku kumi na saba?"

"Njo vile. Alikuwa anaoza, miye nilikuwa nasimama inje ya pazia."

Nilisubiri. Nilikuwa nimesema lile neno la kuoza kwa makusudi, mbele ya ndugu yake wa tumbo moja, ili asiweze kulipita. Mzee yule alivua kofia yake, akaiweka gotini, akaniangalia kwa macho ya upole ambayo sijawahi kuyasamehe.

"Ile haina kosa, mwanangu," alisema. "Ile njo heshima."

Wazee wengine waliitikia kwa vichwa. Mmoja alisema vijana wa siku hizi hawaijui tena heshima ya namna hiyo. Mlango wa chumba cha mke wangu ulikuwa bado wazi, na mimi nilibaki nimekaa pale kwenye kigoda, nikisifiwa.